Maradhi Yaliyojificha Nyuma ya Maradhi



Tumepokea swali kutoka kwa mama mmoja, nasi tumeona bora tulijibu hapa kwa kuwa si lake peke yake. Mkaza mwanawe alianza kumeza dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi. Ilipofika wiki ya tatu, badala ya kupata nafuu, alishikwa na homa, akakohoa, na tezi za shingo zikavimba. Jamaa walikaa kitako wakakata shauri kwamba dawa ndizo zinazommaliza. Aziache, anyweshwe kombe. Mama anauliza afuate la nani.

Jawabu letu ni kwamba dawa zisiachwe, na mgonjwa arudishwe hospitali siku hiyo hiyo.

Virusi hivi huwaua askari wa mwili. Askari wakiwa wachache, vijidudu vya kifua kikuu hukaa ndani bila ya kelele, kwani homa na uvimbe ni alama za vita, na hapo hapana wa kupigana. Mgonjwa anapoanza dawa, askari huamka, humwona adui aliyekuwa amejificha, na vita huanza. Ndiyo maana wengine huzidiwa katika miezi mitatu ya mwanzo. Anayeacha dawa wakati huo huwarudisha askari usingizini na adui yumo nyumbani. Nacho kifua kikuu ndicho kinachoongoza kwa kuwaua wenye virusi hivi duniani.

Kwa sababu hiyo kila anayeanza dawa huulizwa mambo manne: kikohozi, homa, kupungua uzito na kutokwa na jasho usiku. Tunawasihi dada zetu wasifiche hata moja. Mwenye kifua kikuu huanzishiwa kwanza dawa za kifua, kisha zile za virusi hufuata upesi, aghalabu ndani ya wiki mbili. Ila kikiwa kimeingia katika utando wa ubongo, tabibu hungoja zaidi. Zamani waganga wengi walipendelea kungoja hadi matibabu ya kifua yaishe. Utafiti wa Durban, Afrika Kusini, uliowahusu wagonjwa 642 na kutangazwa 2010, ulionyesha kwamba waliopewa dawa za virusi wakiwa bado katika matibabu ya kifua walipungukiwa na vifo kwa asilimia 56. Ama yule asiyeonekana kuwa na kifua kikuu, hupewa dawa ya kukinga, kama isoniazidi ya kila siku kwa miezi sita.

Matibabu ya kifua chenyewe kwa kawaida ni miezi sita: miwili ya dawa nne, minne ya dawa mbili. Moja kati yake, rifampisini, hugeuza mkojo kuwa mwekundu au rangi ya chungwa. Tumewaona watu wazima wakitetemeka kwa kudhani ni damu. Dawa hiyo pia hupunguza nguvu ya nyingine, na kwa hivyo anayetumia dolutegravir huongezewa kidonge cha pili kwa siku, na anayetumia vidonge vya kupanga uzazi hana budi kumwambia mwuguzi.

Kuhusu kombe, hatumkatazi mtu kuomba shifaa kwa maneno ya Mola wake. Lakini Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tujitibu, na dua haikuletwa ili kidonge kitupwe. Mwezi wa Ramadhani ukiingia, mgonjwa ana ruhusa ya kula, kama ilivyo katika Suratul Baqara, aya ya 184. Mavyaa asimtazame kwa jicho la pembeni.

Na vikombe? Kifua kikuu hakiambukizi kwa kikombe wala sahani, bali kwa pumzi ya mwenye kukohoa. Kumtengea mtu chombo chake ni kumvunja moyo bure, na ni kuwapa majirani habari ya kusengenya, jambo lililoharamishwa katika Suratul Hujurat. Fungueni madirisha, na mgonjwa azibe mdomo kwa kitambaa akohoapo. Watoto wa chini ya miaka mitano waliolala naye chumba kimoja wapelekwe wakapimwe hata kama hawakohoi, kwani mtoto mdogo huugua upesi na mara nyingi hawezi kutoa makohozi ya kupimwa.