TAHARIRI: ZANA TUTENGENEZE, UMEME TUSIUCHEZEE



Mahindi yameanza kubeba, na nguruwe pori nao hawalali. Tumechoka kukesha tukipiga madebe. Ndiyo maana mkutano uliopita ulikubali tuzungushie shamba la ushirika uzio wa umeme. Lakini tangu siku ile maneno mawili yanazunguka kijijini, na yote mawili hayafai.

La kwanza: eti kazi haianzi mpaka zana zote zitoke dukani. Si kweli! Waya wa uzio huu ni mgumu, unene wake milimita 2.5. Ukiuvuta ovyo kutoka kwenye roli unajikunja, na ulipojikunja ndipo utakapokatikia. Basi chukua gurudumu kuukuu la baisikeli, lilaze juu ya kigingi lizunguke kwa ekseli yake, weka roli juu yake. Waya utatoka taratibu, umenyooka.

Kuunga waya nako kuna zana yake. Tafuta bamba la chuma lenye urefu wa kiganja, toboa tundu la milimita 3 karibu na ncha. Ingiza ncha ya waya tunduni, zungusha bamba kuufuata waya mwingine. Unapata mizunguko iliyobana sawasawa. Ukitumia koleo peke yake unachubua zinki, kutu inaingia, na kiungo kilicholegea kinapoteza nguvu. Mafundi wetu wanaweza kutengeneza bamba hilo asubuhi moja. Hata vyuma vya ardhini, vile vitatu vinavyopigiliwa penye unyevu kwa kuachana mita 3, tunaweza kuvikata kwenye mabomba ya zamani yenye zinki.

Neno la pili ndilo la hatari. Wapo wanaosema, "Mashine ya nini? Si tuchomeke waya kwenye umeme wa nyumba?" Jamani, huko ni kuchimba kaburi la mtoto wa jirani.

Mashine ya uzio hutoa volti elfu kadhaa, ni kweli, lakini kwa mpigo mfupi usiofika hata sehemu moja ya mia ya sekunde, halafu inatulia sekunde nzima au zaidi. Mnyama anashtuka, anapata nafasi ya kurudi nyuma. Umeme wa nyumba ni volti 230 tu, lakini haupumziki. Misuli inakakamaa, mkono unang'ang'ania waya, aliyeshika hawezi kuachia. Mtoto anayepita alfajiri kwenda kisimani, majani yakiwa na umande, atajuaje?

Kwa hiyo mpaka wetu uwe huu: kinachoshika waya tutengeneze, kinachotoa umeme tununue, na asikifungue mtu asiyesomea. Vihami navyo tununue. Mipira ya matairi haifai, maana ina masizi ya kaboni yanayopitisha umeme. Na vyuma vya ardhini vya uzio vikae angalau mita 10 mbali na vya umeme wa nyumba.

Mashine ni ghali kwa mtu mmoja. Kwa ushirika si mzigo. Tunawaomba wanachama walete michango kwa mweka hazina kabla ya mkutano ujao, na mwenye gurudumu bovu au kipande cha bomba alete ofisini.

Na kama kuna aliyekwisha kuunganisha waya wake na umeme wa nyumba, azime leo hii. Hatutamcheka. Tutamsaidia kuuondoa.

Kujitegemea si kuhatarisha maisha. Umoja ni nguvu!