Mkate Bila Sauti: Wakurdi na Haki ya Kujiamulia

Wapo wasomaji watakaouliza kwa nini jarida la wananchi wanaodai mageuzi nchini Kenya litoe nafasi ya tahariri kwa Wakurdi. Jibu fupi ni kwamba kesi mashuhuri kuliko zote za Wakurdi ilianzia hapa Nairobi, na tutaifikia. Jibu refu ni kwamba historia ya watu hao inaonyesha jambo ambalo sisi tuliozoea kukusanya mablanketi na unga makanisani tunalisahau upesi. Msaada unaopewa watu wasioruhusiwa kuamua lolote juu ya mambo yao hudumu kadiri wakubwa wanavyopenda, na hukatwa siku wakubwa wanapopatana.

Wakurdi hukadiriwa kuwa milioni 30 au zaidi. Makao yao ni milima na nyanda zilizogawanywa baina ya Uturuki, Iraki, Iran na Syria. Wengi wao ni Waislamu wa madhehebu ya Suni, ingawa wamo pia Waalevi, Washia na Wayazidi. Vita Vikuu vya Kwanza vilipokwisha na dola ya Othmani kusambaratika, Mkataba wa Sèvres wa tarehe 10 Agosti 1920 uliwaahidi, katika vifungu vya 62 hadi 64, utawala wa ndani na hata njia ya kuelekea uhuru iwapo wengi wao wangeutaka. Miaka mitatu haikutimia. Mkataba wa Lausanne wa tarehe 24 Julai 1923 ulichukua mahali pa ule wa kwanza, na neno Wakurdi halimo ndani yake. Huko Lausanne hawakuwa na ujumbe wao wenyewe wa kuwasemea.

Tangu hapo kila serikali kati ya hizo nne iliwatendea kwa namna yake. Nchini Iran, Jamhuri ya Mahabad iliyotangazwa Januari 1946 haikumaliza mwaka, na rais wake, Qazi Muhammad, alinyongwa tarehe 31 Machi 1947. Nchini Syria, hesabu ya watu iliyofanywa kwa siku moja katika mkoa wa Hasakah mwaka 1962 iliwavua uraia Wakurdi wapatao 120,000. Watoto wao wakarithi hali hiyo, na wajukuu vilevile. Serikali ya Assad ilikumbuka kuwarudishia wengi wao uraia mwezi Aprili 2011, wakati wananchi walipokuwa tayari barabarani wakidai aondoke. (Watawala wa namna hiyo tunawafahamu, huona haki ya raia siku kiti kinapotikisika.) Uturuki nayo ilipitisha sheria namba 2932 ya mwaka 1983 iliyoharamisha matumizi ya Kikurdi, ikadumu hadi 1991. Mwaka huohuo Leyla Zana aliapishwa bungeni mjini Ankara, akaongeza kwa Kikurdi sentensi moja kuhusu udugu wa Waturuki na Wakurdi. Ukumbi ulilipuka kwa hasira. Mwaka 1994 kinga yake ya ubunge iliondolewa, akahukumiwa kifungo cha miaka 15 kwa shtaka la kuwa mwanachama wa kundi la silaha. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema mwaka 2001 kwamba kesi ile haikuendeshwa kwa haki, lakini mama huyo hakutoka gerezani hadi Juni 2004.

Madhila makubwa zaidi yalikuwa ya Iraki. Kati ya Februari na Septemba 1988 serikali ya Saddam Hussein iliendesha kampeni iliyoitwa Anfal. Vijiji vilibomolewa, visima vikazibwa, wanaume wakapakiwa katika malori na kupigwa risasi jangwani kusini. Human Rights Watch ilikadiria waliouawa kuwa kati ya 50,000 na 100,000. Wakurdi wenyewe hutaja 182,000. Tarehe 16 Machi mwaka huo, katika mji wa Halabja, gesi ya sumu iliua watu wapatao 5,000 kwa siku moja. Serikali kubwa zilijua. Zilinyamaza kwa sababu Iraki ilikuwa ikipigana na Iran, na adui wa adui yao hawakutaka kumkera. Ushahidi ulipatikana baadaye, pale Wakurdi walipoasi mwaka 1991 na kuteka ofisi za usalama, na ndani yake tani kwa tani za majalada ya serikali. Dhuluma ile iliandikwa kwa mihuri, sahihi na nambari za kumbukumbu. Ali Hassan al-Majid, aliyeisimamia, alihukumiwa kifo mwaka 2007 na kunyongwa Januari 2010.

Uasi huo wa Machi 1991 ulipozimwa, Wakurdi yapata milioni moja na nusu walikimbilia milimani kuelekea Uturuki na Iran. Uturuki ikawazuia mpakani, kwenye theluji, mbele ya kamera za televisheni. Ndipo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipopitisha azimio namba 688 la tarehe 5 Aprili 1991, likisema kwamba ukandamizaji huo na matokeo yake ni tishio kwa amani ya kimataifa, na kuitaka Iraki iyaruhusu mashirika ya misaada yawafikie wenye shida mara moja. Majeshi ya Marekani, Uingereza na Ufaransa yalileta chakula, yakazuia ndege za Iraki kuruka kaskazini mwa latitudo ya 36. Watu walirudi makwao. Mei 1992 walipiga kura kuchagua bunge lao.

Tunaisifu kazi ile bila kusitasita. Hata hivyo, mwanasheria hana budi kutazama kilichofuata. Azimio lile lilitaja mateso ya Wakurdi, halikutaja haki yao ya kujitawala. Basi wakabaki katika eneo lisilokuwa na hadhi yoyote ya kisheria, wakibanwa mara mbili: vikwazo vya Umoja wa Mataifa dhidi ya Iraki yote, na vikwazo vya Baghdad dhidi yao, iliyowaondoa watumishi wake wa serikali na kukata mishahara tangu Oktoba 1991. Baadaye ulikuja mpango wa mafuta kwa chakula, chini ya azimio namba 986 la 1995, uliozitengea wilaya tatu kuu za Wakurdi asilimia 13 ya mapato. Njaa ilipungua, hilo ni kweli. Lakini kanuni za mpango zilitaka chakula kinunuliwe nchi za nje, na Kurdistan ndiyo iliyokuwa ghala la ngano la Iraki. Mkulima aliyekuwa amerudi kwenye kijiji kilichobomolewa na Anfal, akajenga upya, akalima, akavuna, alikuta unga wa bure umejaa sokoni na ngano yake haina mnunuzi. Wengi waliacha mashamba. Hakuna mtu mwovu aliyekaa akapanga jambo hilo; lilitokea kwa kuwa wenye shamba hawakuwa na kiti mahali kanuni zilipoandikwa.

Syria imetupa mfano mwingine, wa karibu zaidi. Mwaka 2014 Baraza la Usalama, kwa azimio namba 2165, liliruhusu misaada ipitie vituo vinne vya mpakani bila kusubiri ridhaa ya Damascus. Kimoja kilikuwa Yarubiyah, kutoka Iraki, ambacho kilipitisha dawa za kwenda kaskazini mashariki ambako Wakurdi na wenzao walikuwa wameunda utawala wao. Desemba 2019 Urusi na China zilitumia kura ya turufu, na azimio namba 2504 la Januari 2020 likaufuta mlango huo. Miezi michache baadaye korona iliingia. Shehena za Umoja wa Mataifa za kwenda eneo lile sasa zilihitaji kibali cha serikali ileile ya Assad. Damascus haikuhitaji bunduki kuwaadhibu wagonjwa; ilitosha kuchelewesha karatasi.

Haki ya watu kujiamulia mambo yao imeandikwa katika kifungu cha kwanza cha mikataba miwili mikuu ya haki za binadamu ya mwaka 1966, na katika kifungu cha 20 cha Mkataba wetu wa Afrika wa Haki za Binadamu na za Watu. Watawala huifasiri kuwa ni kuvunja nchi, ili wapate sababu ya kuikana yote. Fasiri hiyo si sahihi. Tume ya Afrika, ilipoamua shauri la Katanga dhidi ya Zaire mwaka 1995, ilikataa ombi la uhuru, lakini ilisema kwamba haki hii yaweza kutimizwa kwa uhuru, utawala wa ndani, serikali za mitaa, shirikisho au namna nyingine watu wanayoikubali. Ikagusia pia kwamba madai ya kujitenga hupata uzito pale watu wanaponyimwa haki zao na nafasi ya kushiriki katika serikali. Katiba ya Iraki ya mwaka 2005, iliyolitambua jimbo la Kurdistan na kukifanya Kikurdi lugha rasmi pamoja na Kiarabu, ni hatua ya njia hiyo. Kura ya maoni ya tarehe 25 Septemba 2017, ambamo karibu asilimia 93 walitaka uhuru, ilijibiwa kwa kufungwa kwa safari za ndege za kimataifa na kutekwa kwa Kirkuk tarehe 16 Oktoba. Waliowahi kuwasifu Wakurdi kwa kupigana na Dola la Kiislamu hawakunyanyua kidole.

Kuwatetea Wakurdi si kuwageuza malaika. Chama cha PKK kilichoanza vita mwaka 1984 kiliua raia, wakiwemo walimu wa shule, katika mgogoro uliogharimu maisha ya watu wapatao 40,000. Makabila ya Kikurdi yalishiriki katika kuwaua Waarmenia mwaka 1915. Agosti 2014 vikosi vya serikali ya Erbil viliondoka Sinjar na kuwaacha Wayazidi mikononi mwa wauaji. Na katika Kurdistan ya Iraki, ambako vyama viwili na familia mbili zimeshika hatamu tangu 1991, mahakama ya Erbil iliwafunga waandishi wa habari na wanaharakati watano miaka sita mwezi Februari 2021. Sisi tuliodai vyama vingi hatuna haja ya kufunzwa kwamba mkombozi aweza kugeuka mtawala wa kiimla. Lakini makosa ya viongozi hayajawahi kuwa hoja halali ya kuwanyima watu lugha yao.

Sasa tuje Nairobi. Abdullah Öcalan, kiongozi wa PKK, alifika hapa Februari 1999 baada ya kufukuzwa nchi hadi nchi, akahifadhiwa na ubalozi wa Ugiriki. Tarehe 15 Februari maafisa wa Kenya walimpakia garini kuelekea uwanja wa ndege. Gari lake lilitenganishwa na msafara, likamfikisha kwenye ndege ambamo maafisa wa Uturuki walikuwa wakimngoja. Hakukuwa na ombi lililowekwa mbele ya hakimu, ilhali sheria yetu ilitaka mtuhumiwa anayetakiwa na nchi ya nje afikishwe mahakamani kwanza. Alihukumiwa kifo Juni 1999, adhabu iliyobadilishwa kuwa kifungo cha maisha mwaka 2002. Tarehe 12 Mei 2005 Mahakama ya Ulaya ilisema hakupata kesi ya haki. Kuhusu kukamatwa kwake hapa kwetu, haikuona kosa, na mojawapo ya sababu ilikuwa kwamba serikali ya Kenya haikulalamika kuvunjiwa enzi yake. Mtu atasema aliyekamatwa alikuwa na damu mikononi. Huenda, na ndiyo maana mahakama zipo. Mtu huyohuyo, akiwa kifungoni, ndiye aliyetoa wito wa tarehe 27 Februari 2025 wa kuweka silaha chini, na tarehe 12 Mei mwaka huo PKK ikatangaza kuvunjwa kwake.

Oktoba 2024 wakimbizi wanne wa Kituruki walitekwa jijini Nairobi na kupelekwa Uturuki. Wizara ya Mambo ya Nje ilikiri. Hawakuhusishwa na suala la Wakurdi, lakini njia waliyopitishwa ni ileile ya 1999, na safari hii tukiwa na Katiba ya 2010 na Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inayokataza kumrudisha mtu mahali anapohofia kuteswa. Kifungu cha 25 cha Katiba kinasema amri ya kumfikisha mshikwa mbele ya mahakama haiwezi kuwekewa mipaka yoyote. Kila parokia na kila kamati yenye wakimbizi miongoni mwa waumini wake na iwe na mawakili wawili wanaoweza kupigiwa simu usiku. Wakili atahitaji jina kamili la aliyechukuliwa, nambari ya hati yake ya ukimbizi, mahali na saa, na nambari ya gari kama ilionekana. Ombi lifikishwe kwa jaji kabla ndege haijaondoka.