Nchi Njema Iliyoishia Lamu

Mwaka 1890 bwana mmoja wa Vienna, Theodor Hertzka, alitoa kitabu juu ya nchi njema itakayojengwa karibu na Mlima Kenya. Humo ardhi haina mwenyewe, mtaji hautozwi riba, na kila mtu hupata fungu kwa kadiri ya kazi yake. Wasomaji wengi wakasadiki. Mwaka 1894 kundi dogo lao likashuka Lamu, likikusudia kupanda kwa njia ya Mto Tana. Halikufika mlimani. Waligombana wao kwa wao huko pwani, na mwaka huo huo wakatawanyika. (Wenyeji wa mlimani nao hawakuwa wameulizwa kama wana nafasi ya wageni.)

Wenye mashamba ya mteremkoni Ronge, katika Taita, hawatastaajabu sana. Mwenye shamba la juu asipotengeneza matuta yake, mvua ya vuli humteremshia jirani wa chini mchanga na mawe. Dawa wote wawili waijua. Lakini kazi ni ya wa juu, hasara ni ya wa chini. Basi huyu wa chini ama angoje, ama achukue jembe, apande, akamwombe mwenzake wachimbe pamoja.