Arusi ya Majabalini

Barua niliyoichagua juma hili imetoka kwa binti mmoja akaaye jirani na Mtaa wa Msimbazi, karani katika duka la vitambaa huko Kariakoo. Ana umri wa miaka 27, na mchumba wake, fundi umeme, ana miaka 31. Posa ilikwisha kupokewa, mahari yamekubaliwa na nusu yake imelipwa. Lililobaki ni arusi, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Kamati imeundwa, ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kadi za michango zimekwisha kuchapishwa. Idadi ya waalikwa imefika 350 na bado inapanda. Kuna kicheni pati, kuna sendofu, kuna sare ya kitenge ambayo shangazi wawili wamekwisha kuigombania rangi, kuna matarumbeta, mshereheshaji na ndafu. Bwana na bibi arusi wenyewe, asema, hawajaulizwa neno.

Basi wamewekeana siri. Wana akiba yao ya miaka miwili. Wanataka kuomba likizo siku moja, wapande ndege hadi Visiwa vya Shelisheli, wavuke kwa boti hadi kisiwa cha La Digue, wafunge ndoa chini ya yale majabali makubwa waliyoyaona pichani, kisha warudi Kariakoo wakiwa mume na mke. Binti anauliza mambo matatu: je, ndoa hiyo itahesabiwa kuwa ni ndoa? Je, ni aibu? Na je, baba aambiwe kabla au baada?

Nianze na la aibu, maana ndilo jepesi. Sioni aibu katika tamaa hiyo. Kijana anayefanya kazi mchana kutwa katika mitaa yenye makelele kama yetu, akatamani siku moja ya maisha yake ipite mahali penye bahari, upepo na mtu mmoja tu ampendaye, hajamkosea mtu. Na mahali penyewe walipopachagua panastahili kutamaniwa. Visiwa vile vya kati vya Shelisheli si vya matumbawe kama Unguja yetu. Ni vilele vya graniti vilivyochomoza kutoka baharini, na mawe yake ni makubwa kama nyumba, laini kama mgongo wa ndovu. Ila wakumbuke kwamba bahari ile ni hii hii yetu, na pepo zake ni hizi hizi. Kusi likivuma, tangu Mei hadi Septemba hivi, fukwe za upande wa kusini-mashariki wa La Digue huchafuka na mkondo wake ni wa hatari kwa anayeoga. Mwenye kutaka picha za bahari tulivu na asisafiri kwa kufuata tarehe ya likizo peke yake.

Lakini kuna mtu mmoja ambaye barua haikumtaja ila mara moja tu, kwa haraka, naye ni mama. Mama yako, binti yangu, ikiwa ni kama akina mama wengi wa mitaa yetu, ana daftari. Ndani yake yameandikwa majina na fedha: fulani alipomwoza binti yake nilitoa kiasi hiki, fulani alipooa mwanawe nilitoa kile. Ameandika humo tangu ulipokuwa ukitambaa. Mchango wa arusi kwetu si sadaka; ni deni lenye adabu, ambalo halidaiwi kwa mdomo bali hulipwa siku ya mwenzako ikifika. Akina mama hawa wasio na pensheni wameweka akiba yao katika nyuso za jirani, na zamu ya mama yako ya kulipwa ni arusi yako. Ninyi wawili mnaona kamati inawanyang'anya siku yenu. Naye akisikia mmekwisha kuoana ng'ambo, ataona mmemnyang'anya miaka 20. Kamati inaweza kuwa na makosa yake, na mimi ni wa kwanza kuichukia ile tabia ya kushindana kwa kumbi na keki, lakini hesabu hii nayo ni hesabu.

Sasa sheria. Watu wengi hudhani kwamba wachumba wanaooana pasipo idhini ya wazazi wamevunja sheria ya nchi. Sivyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, haimtaki mwanamke aliyetimiza miaka 18 alete ruhusa ya baba. Tena yasema wazi kwamba kutotimiza mila ya mahari hakuibatilishi ndoa. Kwa hiyo nusu ya mahari iliyobaki si pingu. Kwa Waislamu liko jambo la walii, na wapo wanaosema kwamba mtu akisafiri mbali vya kutosha kadhi hushika nafasi ya walii. Jambo hilo lina masharti yake katika madhehebu ya Shafi. Lisiamuliwe kwa maneno ya kijiweni, bali aulizwe mwenye elimu kabla ya tiketi kukatwa.

Sheria hiyo hiyo yataka taarifa ya kusudio la kufunga ndoa itolewe kwa siku zisizopungua 21, nayo itangazwe, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Vijana huziona siku hizo kuwa ni usumbufu. Mimi nasema ni ngao ya bibi arusi. Kanisani husomwa majina ya wachumba, Bomani hutangazwa taarifa, na mtaani mshenga huuliza huku na huku; yote matatu yana kazi moja, kumpa nafasi mtu wa tatu aseme, "Huyu bwana ana mke Morogoro." Sheria haimruhusu mtu aliye katika ndoa ya mke mmoja kufunga nyingine. Mkikimbilia majabali ya mbali mnaliacha nyuma jicho la mtaa, na jicho la mtaa, pamoja na umbea wake wote, limewaokoa mabinti wengi. Sisemi kwamba fundi wako ana siri. Nasema kwamba, mkienda, uchunguzi ule ambao mngefanyiwa na wengine itakubidi uufanye mwenyewe, kwa macho makavu.

Kuhusu ndoa ya ng'ambo kuhesabiwa hapa: itahesabiwa, mradi ifungwe kwa kufuata sheria ya nchi ile, kila mmoja wenu awe na haki ya kuoa au kuolewa kwa sheria ya kwao, na wote wawili mwe mmeridhia kwa hiari. Maana yake ni kwamba jabali peke yake halifungishi ndoa. Nchi ya wenyeji wenu itataka pasipoti, vyeti vya kuzaliwa, na kama mmoja aliwahi kuoa au kuolewa, hati ya talaka au ya kifo. Nchi nyingi hutaka pia hati ya kuonyesha kwamba mtu hana kizuizi cha ndoa, na mlango wa kugonga kwa mambo ya usajili wa ndoa kwetu ni RITA. Majina katika vyeti hivyo yafanane herufi kwa herufi. Kariakoo imejaa watu wenye jina moja shuleni, jingine kazini na la tatu katika cheti cha kuzaliwa. Na msisahau kwamba kila nchi ina muda wake wa taarifa. Ireland, ambayo nayo ina magenge ya bahari yanayowavuta wachumba wa dunia, hutaka miezi mitatu.

Hata umaarufu hausaidii. Mwanamuziki John Lennon na mchumba wake Yoko Ono, mwaka 1969, walitaka kuoana ndani ya meli ya kuvukia kwenda Ufaransa, wakakwama kwa ajili ya karatasi. Wakajaribu Paris, wakashindwa kwa kuwa hawakukaa huko muda wa kutosha. Mwishowe walifunga ndoa Machi 20 juu ya mwamba wa Gibraltar, kwa sababu huko sheria iliwapokea upesi. Walikuwa na fedha za kurukaruka hivyo kwa ndege. Akiba ya miaka miwili ya karani na fundi haiwezi.

Wazee wataniambia kwamba mambo haya ni ya vijana wa siku hizi. La hasha. Ndoa ya kukimbilia majabali ya ng'ambo ni kongwe katika pwani yetu, na iliyo mashuhuri kupita zote ilianzia Unguja. Bibi Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, aliyezaliwa mwaka 1844, alipendana na jirani yake, mfanyabiashara Mjerumani aitwaye Heinrich Ruete. Akashika mimba. Agosti 1866, usiku wa sherehe ya Mwaka, wanawake waliposhuka pwani kuoga kama ilivyo desturi, aliingia mashuani akapelekwa kwenye manowari ya Waingereza, Highflyer, ikamchukua hadi Aden. Wenye kuijua Aden wanajua kwamba si mahali pa maua: ni rasi ya milima mikavu ya volkano, mawe meusi yaliyoota jua, na siku zile ilikuwa kituo cha Waingereza cha kutilia meli makaa ya mawe. Hapo akangoja miezi tisa, kwa watu aliowafahamu tangu Unguja, huku Ruete akimaliza shughuli zake nyuma. Mtoto wao alizaliwa hapo Desemba. Ruete alifika Mei 30, 1867. Siku hiyo hiyo Salme akabatizwa kwa jina la Emily, wakaoana, wakaondoka kwenda Ulaya. Mtoto yule akafa safarini.

Msomaji anayeona mahaba tu katika kisa hiki asome mbele. Walikaa Hamburg, wakapata watoto watatu. Mwaka 1870 Ruete akafa kwa ajali ya tramu, naye Salme alikuwa hajatimiza miaka 26. Katika mji ule hakuwa na shangazi, wala mjomba, wala jirani aliyemwona akikua. Sheria ya huko ya siku zile iliwawekea watoto wake walezi wanaume, kana kwamba mama hakuwapo. Akajitafutia riziki kwa kufundisha Kiarabu, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu za maisha yake. Alirudi Unguja mwaka 1885, na tena 1888, akidai urithi wake. Sultani Barghash, ndugu yake kwa baba, hakumpokea. Alipofariki mwaka 1924 mjini Jena, katika vitu vyake palikutwa mfuko wenye mchanga wa pwani ya Unguja.

Simlaumu bibi yule. Kwa hali aliyokuwa nayo, kubaki kungeweza kumgharimu uhai. Wewe, binti yangu, hukimbii upanga; unakimbia kadi za michango. Hiyo ndiyo tofauti, nayo inakupa nafasi ambayo Salme hakuipata: waweza kwenda bila kukata kamba. Tena sheria yetu haifanani na ile ya Hamburg. Mke hapa ana haki ya kumiliki mali yake mwenyewe, na tangu shauri la Bi Hawa Mohamed la mwaka 1983 Mahakama ya Rufani imekubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Akaunti yako ya benki basi ibaki kwa jina lako.

Niongeze neno moja kwa wasomaji wasio na akiba ya ndege, nao ndio wengi. Torosha-torosha yao haifiki La Digue; bahari yao ni Bonde la Msimbazi, nao huvuka usiku na begi moja hadi chumba cha kupanga Magomeni au Kigogo, wakisema ndoa itafuata. Mara nyingi haifuati. Sheria husema kwamba mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawajua kuwa ni mume na mke, hudhaniwa kuwa wameoana. Lakini dhana hiyo hupingika mahakamani, na mwenye kuhangaika kutafuta mashahidi siku mambo yakiharibika huwa ni mwanamke. Bomani ni karibu kuliko Kigogo.

Basi, baba aambiwe kabla au baada? Kabla. Si kwa kuomba ruhusa, maana sheria imekwisha kuwapa, bali kwa kuarifu. Kila upande umtoe mtu mmoja ajuaye tarehe, mahali na namba za tiketi. Mwambieni mwenyekiti wa kamati arudishe fedha zilizokwisha kupokelewa, kwa orodha, mbele ya mweka hazina. Senti moja ikipotea hapo ndipo penye aibu. Na mkirudi, pikeni pilau uani kwenu, aalike mama, kwa lile daftari lake, hao hao aliowachangia, waje na walichonacho. Haitakuwa ya ukumbi, wala hamtahitaji matarumbeta.

Umesema katika barua kwamba yuko shangazi yako wa Magomeni ambaye baba humsikiliza. Anza na huyo. Nenda Jumamosi asubuhi, kabla hajatoka kwenda sokoni, na usiende na mchumba.