Ngoma Bila Ngoma

Wanafunzi wenzangu, Kiswahili kimetuzoesha vibaya kidogo. Ngoma ni chombo, na ngoma ni mchezo wenyewe. Basi tunadhani pasipo kupigwa ngoma hakuna muziki. Mimi niliamini hivyo hadi nilipowasikiliza Wamasai kule Ngorongoro. Ngoma haipo. Olaranyani anaanzisha wimbo, wenzake wanaitikia kwa sauti nzito ya kooni, na sauti hiyo ndiyo inayoshika mapigo. Sisi tunaona kuruka tu, tunarekodi, tunaondoka.

Shuka sasa Karatu hadi Ziwa Eyasi, kwa Wahadzabe. Epeme yao huchezwa usiku usio na mwezi, gizani kabisa: wanawake wanaimba, mwanamume anacheza na njuga mguuni. Hapo simu yako haikusaidii kitu. Itabidi usikilize.

Hoja yangu ni hii: muziki wa jirani unakuonyesha kipimo ulichokuwa unawapimia watu bila kujijua. Darasani tunaandika kuhusu "jamii zilizobaki nyuma", na wala hatujawahi kuzisikiliza hata usiku mmoja. Jamani, likizo hii ukipita Karatu, weka simu mfukoni, uwaulize wazee: nani anaanzisha, nani anaitikia, na kwa nini?