Si uvivu, ni kunyimwa kuamua

Kila mara redio za Goma zinapofungulia wasikilizaji simu kuhusu wakimbizi wa vita, neno moja halikosekani: wavivu. Linatoka kwa mwenye nyumba aliyechoka kugawa chumba na jamaa zake, kwa muuza makala sokoni, hata kwa mtu aliyekimbia mwenyewe miaka ile ya 2008 au 2012 kisha akarudi kwake. Eti wamezoea kulishwa. Eti wanaume wanashinda kwenye karata tangu asubuhi. Kwenye semina za mashirika neno linavalishwa suti ya Kifaransa na kuitwa attentisme, lakini ni lile lile: watu hawa wanangoja tu.

Neno hilo linaumiza, na wanaolitumia wanajua linaumiza. Wasilojua ni kwamba si kweli. Mfugaji wa Masisi aliyeamka kabla ya jogoo kwenda kukamua ng'ombe, kijana aliyeshusha magunia mlimani kwa chukudu, mama wa Kitshanga aliyelima maharagi na viazi misimu miwili kwa mwaka: uvivu haumwingii mtu kama huyo siku anapovuka Sake na godoro kichwani. Kitu kingine kimetokea. Saikolojia, lile somo wanafunzi wa chuo kikuu wanalolifungua mwaka wa kwanza, imekichunguza kitu hicho kwa zaidi ya miaka 50.

Mwaka 1967 watafiti wawili vijana wa Philadelphia, Marekani, Martin Seligman na Steven Maier, walichapisha jaribio walilolifanya kwa mbwa. Lilikuwa jaribio la ukatili, na leo si rahisi chuo kulikubali. Mbwa walifungwa na kupigwa umeme miguuni. Wa kundi la kwanza, wakisukuma kibao kwa kichwa, umeme ulizimika. Wa kundi la pili walipata umeme ule ule, kwa muda ule ule, ila lolote walilolifanya halikuzima kitu. Umeme wao ulikoma bila wao kuwa na uwezo wa kuuzima. Kundi la tatu halikuguswa. Siku iliyofuata kila mbwa aliwekwa ndani ya sanduku lenye kizuizi kifupi katikati. Kuruka kizuizi kulitosha kuponyoka. Wa kundi la kwanza na la tatu waliruka upesi. Wengi wa kundi la pili walilala chini, wakalia, wakavumilia.

Maumivu yalikuwa sawa kwa makundi mawili ya kwanza. Kilichowatenganisha ni kwamba upande mmoja kitendo cha mbwa kilibadilisha jambo, upande wa pili hakikubadilisha. Vitabu vimeipa hali hiyo jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa «kukata tamaa kwa kufundishwa».

Hapo ndipo walimu wengi wanaposimama, na ni hasara, kwa maana kilichofuata kinawahusu zaidi watu wa Kivu. Watafiti walijaribu kuwaamsha wale mbwa waliolala. Waliondoa kizuizi kabisa: mbwa hakutoka. Walisimama upande wa pili wakamwita: hakuja. Walimwacha apate njaa, kisha wakatupa soseji upande ule salama: hakusogea. Chakula kilikuwepo, njia ilikuwepo, sauti ya kumtia moyo ilikuwepo. Kilichofaa, waliandika mwaka 1968, ni kumfunga kamba shingoni na kumvuta hadi ng'ambo, mara moja, mara mbili, mara nyingi, mpaka mwili wake wenyewe uone kwamba kuvuka kunaleta nafuu. Mwanzo mbwa alikuwa mzito kama gunia. Baadaye kamba ililegea, na mwishoni aliruka bila kamba.

Mtu anaweza kukasirika: wakimbizi si mbwa. Ni kweli, basi na watu waangaliwe. Karibu na Vienna, nchini Austria, kulikuwa na kijiji kinaitwa Marienthal ambacho kiliishi kwa kiwanda kimoja cha nguo. Kiwanda kilipofungwa, karibu kila nyumba ilibaki bila kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 watafiti wakiongozwa na Marie Jahoda na Paul Lazarsfeld walikwenda kuishi nao. Walitegemea kwamba watu wenye muda mwingi wangesoma zaidi, wangekutana zaidi, wangefanya siasa zaidi. Wakakuta kinyume. Vitabu vilivyoazimwa kwenye maktaba vilipungua karibu nusu. Watafiti walijificha na saa mkononi wakapima mwendo wa watu barabarani: wanaume walitembea polepole, wakasimama njiani mara kwa mara bila sababu. Wanawake walitembea upesi zaidi, kwa maana mshahara ulikwisha lakini kupika, kufua na kulea watoto havikwisha.

Aliyewahi kutembea saa nne asubuhi katikati ya mahema ya Bulengo au Kanyaruchinya, wakati kambi zile zilikuwa bado zimesimama, anaitambua picha hiyo. Wanaume wamekaa juu ya mawe ya volkano. Wanawake wanapita na bidoni, na kuni walizozitoa kwenye pori la Virunga, ambako wengi walibakwa wakitafuta hizo kuni. Hakuna aliyewaita wanawake hao wavivu. Ila wao pia hawakuwa wamechagua kitu. Walikuwa tu na kazi ambazo hazingoji.

Ukihesabu mambo ambayo baba wa familia kambini anaamua kwa siku, vidole vya mkono mmoja vinabaki. Jina lake linaandikwa au haliandikwi kwenye orodha, na hajui kwa nini. Jetoni inakuja au haiji. Shitingi ina upana ule ule kwa nyumba ya watu watatu na ya watu tisa. Mwezi huu ni unga na mafuta, mwezi ujao ni kimya, na kimya hicho hakielezwi. Anaambiwa hamia upande ule, kesho rudi upande huu. Hata kukimbilia mahali salama hakukuleta usalama: mwezi wa tano mwaka 2024 mabomu yalianguka ndani ya kambi karibu na Mugunga na kuua watu, watoto wakiwemo. Mwanzoni mwa mwaka 2025, baada ya mji wa Goma kubadilisha mikono, kambi nyingi zilizouzunguka zilibomolewa na watu wakaambiwa warudi kwao, wengine kwa nyumba zilizochomwa na mashamba yanayolimwa na mtu mwingine. Hapo pia, nani aliulizwa? Mwezi wa kumi mwaka 2023, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, lilihesabu watu karibu milioni 6,9 waliohama makwao ndani ya Kongo nzima. Hao ni watu wengi mno kuwafunga kwa neno moja la dharau.

Mwaka 2016, karibu miaka 50 baada ya jaribio lao, Maier na Seligman walirudi na kuandika kwamba waliligeuza jambo kichwa chini, miguu juu. Uchunguzi wa ubongo ulikuwa umeonyesha kwamba kulala chini mbele ya mateso marefu si kitu ambacho kiumbe anafundishwa. Ndivyo ubongo unavyofanya wenyewe mateso yanapozidi muda. Kinachofundishwa ni kile kingine: kwamba ninaloamua linaleta mabadiliko. Sehemu ya mbele ya ubongo ikikutana na ushahidi huo, inazuia ile sehemu ya ndani inayolegeza mwili, na ushahidi huo ukiingia mapema unamkinga mtu hata kwa mateso yajayo.

Kwa lugha ya kambi: baba aliyekaa juu ya jiwe hana tabia mbovu ya kutolewa kwa mahubiri. Kuna kitu amekosa, nacho ni nafasi ya kuamua jambo na kuona matokeo yake. Mahubiri ya «amkeni mjitegemee» ni sawa na kumwita mbwa kutoka upande wa pili wa sanduku. Na msaada wa chakula peke yake, ingawa ni lazima na hakuna anayepaswa kuukata, ni ile soseji.

Kuna wanaosema uamuzi haujazi tumbo. Ni kweli, haujazi. Mtoto mwenye utapiamlo anahitaji maziwa ya tiba leo, si mkutano. Na kuna mama au baba ambaye halali usiku, hali, anataja kifo. Huyo apelekwe kituo cha afya bila kungoja, maana huzuni ya namna hiyo ni ugonjwa na ina matibabu. Lakini nafasi ya kuamua haipunguzi hata kilo moja ya unga. Mwaka 1976 Ellen Langer na Judith Rodin walichapisha utafiti walioufanya kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Connecticut, Marekani. Wazee wa ghorofa moja waliambiwa kwamba maisha yao pale yako mikononi mwao. Kila mmoja alichagua mmea na kuumwagilia mwenyewe, na kuchagua siku ya kuangalia filamu. Wa ghorofa nyingine waliambiwa kwa upole kwamba wafanyakazi watawashughulikia. Nao walipewa mmea, ila muuguzi ndiye aliyeumwagilia. Baada ya wiki tatu, wazee wa ghorofa ya kwanza walikuwa wachangamfu zaidi na wenye shughuli zaidi. Gharama ilikuwa ile ile ya mmea katika kopo.

Upole ule wa ghorofa ya pili ndio unaopaswa kuyasumbua mashirika. Wafanyakazi wengi wa misaada si wabaya, wanachoka, wanajali. Lakini wanamwagilia mimea ya wengine. Kamati ya wakimbizi inaitwa siku ya ugawaji kuja kupanga foleni, si siku ya kuchagua kitakachogawiwa. Prezida wa kamati anapigiwa simu jioni kwamba kesho kuna wageni. Sanduku la maoni linawekwa karibu na lango, karatasi zinaingia, na hakuna anayekuja kusema: mlituambia hivi, tukabadilisha hivi. Sanduku la aina hiyo ni hatari kuliko kutokuwa na sanduku, kwa sababu linamhakikishia mtu kwamba hata akiandika, hakuna kitu.

Kamati nazo zisijifiche nyuma ya mashirika. Wapo viongozi wa wakimbizi waliofanya orodha kuwa mali yao, jina linaingia kwa bia au kwa ukoo. Kwa mama mjane mwenye hema la mwisho, yeye ndiye umeme usiozimika.

Jamaa na wenyeji waliopokea watu nyumbani wana nafasi ambayo shirika halina. Mgeni akiulizwa asubuhi «leo tupike nini na hiki kidogo tulicho nacho?», au mzee akiombwa aamue ugomvi wa vijana kama alivyofanya kijijini kwake, hiyo ndiyo kamba inayovuta. Mwanzo atajibu «vyovyote». Watafiti walimvuta mbwa mara nyingi kabla hajaruka. Mtu aliyepoteza ng'ombe, shamba na mtoto hawezi kuamka kwa swali moja, na anayemwuliza asikasirike siku ya kwanza.

Kwa familia zilizorudi Masisi, Rutshuru na Nyiragongo, jambo lina tarehe. Msimu A wa kilimo unaanza mwezi wa tisa. Yapo mashirika yatakayogawa mbegu, na mkulima anajua tofauti kati ya maharagi yanayopanda juu ya vijiti na yale mafupi. Mwenye shamba ambalo miti yake yote ilikatwa vitani hana vijiti, na mfuko wa maharagi ya kupanda juu ataupika tu, kisha ataitwa mvivu. Swali la mbegu gani linapaswa kufika kwake mwezi wa saba, likiulizwa mbele ya wote, na jibu lirudishwe hadharani kabla ya gari kupakiwa.