Jazi si ya maprofesa

Mwaka jana tulianzisha kikundi cha kusikiliza jazi bwenini. Jioni ya kwanza tulikuwa kumi na tisa. Mwenzetu anayepiga kinanda akashika chaki, akajaza ubao majina ya kordi na tarakimu zake. Wiki ya tatu tulibaki wanne, na mmoja alikuja kuchaji simu.

Waliokimbia wakasema jazi ni muziki wa wasomi. Mimi nasema tuliwafukuza sisi. Tunaosoma Elimu tunaimbishwa kila muhula: mtoe mwanafunzi kwenye anachokijua umpeleke kwenye asichokijua. Sasa jamani, nusu ya wale ni wanakwaya. Do-re-mi wanaisoma kuliko ratiba ya mitihani!

Jaribuni hivi, watu watatu tu. Besi aimbe re, so, do. Teno aimbe fa, fa, mi. Alto aimbe do, ti, ti. Nendeni polepole, kila noti mapigo manne.

Hapo mmeimba mwendo wa kordi tatu unaorudi katika nyimbo nyingi mno za jazi. Besi peke yake ndiye anayeruka. Alto anashuka nusu toni mara moja, kisha teno naye anashuka nusu toni mara moja, basi. Na ile ti ya mwisho ndiyo yenye ladha: mwalimu wa kwaya angemwambia alto apande amalizie do, jazi inamwacha palepale, ananing'inia.

Masikio yakishazoea, ndipo usikilize. Anza na "So What" ya Miles Davis, ya mwaka 1959. Ngazi moja ya sauti inakaa muda mrefu, inapanda nusu toni, inarudi. Unapata nafasi ya kupumua. "Giant Steps" ya John Coltrane, iliyorekodiwa mwaka huohuo, iache kwanza. Kordi zake zinabadilika kabla hujameza mate. (Na usidhani Morogoro Jazz itakusaidia hapa. Ni dansi tamu sana, ila jazi iko kwenye jina.)

Yule wa chaki ananiambia kurahisisha ni kuharibu. Kwamba do-re-mi haifundishi mdundo, nakubali kabisa. Lakini ubao wake haukufundisha hata huo mdundo.

Kikundi kinarudi Alhamisi hii, saa mbili usiku. Alto tunao, teno tunao. Tunatafuta besi.